Neno la Mwenye Ushanga Mwekundu

Dakta Silvanus Mbuya aliniambia ukweli wote kwa sababu alijua hautanisaidia kitu.

Nilisafiri kutoka Ilembutwa, kwetu kwenye baridi ya nyanda za juu, mpaka makao makuu ya Taasisi ya Mizani mjini. Nilikaa mapokezi tangu asubuhi nimevaa sweta mbili na kitenge juu yake. Watu wanajipepea kwa karatasi, mimi natetemeka. Dada wa mapokezi alitazama shingo yangu mara moja tu, akaona ushanga unavyowaka mwekundu chini ya ngozi, akaanza kuniongelesha polepole kama anayezungumza na mtoto wa chekechea.

"Mama, utulie, eeh? Utaonwa. Usiwe na haraka."

Nilikuwa nimetulia kuliko kiti nilichokalia. Tangu mwaka jana sijafanya jambo lolote kwa haraka, hata kupiga chafya.

Mbuya mwenyewe alinipokea kwa adabu. Mzee mtanashati, mvi zimechanwa vizuri, ushanga wake wa kijani unang'aa juu ya kola kama kifungo cha dhahabu. Aliagiza chai. Nilikipokea kikombe kwa ajili ya joto lake, si kwa ajili ya chai.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, Mwalimu Enelesi. Nimesoma malalamiko yako. Yote."

"Basi nieleze. Damu yangu inasema nina homoni nyingi kupita kiasi. Mwili wangu unasema sina hata chembe. Mmoja kati yao ni mwongo, na mimi nakaa nao wote wawili."

Akatabasamu. Nikaendelea, maana nilikuwa nimeyapanga maneno yangu garini njia nzima. Nilimwambia nywele zinabaki kwenye kitana. Sauti imekuwa ya dume. Choo nakipata kwa maombi. Uso unavimba asubuhi mpaka naonekana nimelia. Mtu mwenye homoni nyingi hukonda, hutokwa jasho, mikono humcheza na moyo humwenda mbio. Moyo wangu mimi unatembea kama bibi harusi.

"Na dada yangu Yulitha alikuwa hivi hivi," nilisema. "Mlimpima miaka mitatu. Kila mwaka mwekundu, kila mwaka ushanga ukampunguzia dozi. Alipolalamika mkaandika ana jazba. Yulitha! Mtu aliyekuwa akichukua nusu saa kufunga kamba za viatu. Tulimkuta jikoni ameegemea ukuta, moto umezimika. Tulidhani amesinzia."

Mbuya hakukwepa macho yangu. Alivuta kiti karibu, akaweka mikono mezani kama mtu anayetaka kusali.

"Ushanga unapima kwa kuvua," alisema. "Ndani yake kuna ndoano zinazoshika homoni, na kuna gundi inayoshika ndoano. Gundi yetu inategemea vitamini moja, biotini. Ile ile inayotiwa kwenye dawa za nywele na kucha. Sasa, damu ya mtu ikijaa biotini iliyotoka nje, inakwenda kukaa kwenye gundi. Ndoano zinakosa mahali pa kushika. Ushanga unahesabu kinyume, unaona homoni imefurika, unafunga bomba."

"Kumbe mnajua."

"Tunajua tangu mwaka wa pili."

Chai ilinimwagikia mapajani na sikuisikia.

"Kwa nini hamkubadilisha gundi?"

"Kubadilisha ni kupasua upya kila shingo ya nyanda za juu, Mwalimu. Na kupasua upya ni kukiri. Wanaoathirika ni wachache, wengi wa vijijini. Sijui wanaitoa wapi biotini hiyo. Labda akina mama na mambo yao ya nywele."

"Yulitha alikuwa ananyoa."

Akainua mabega. Nikamuuliza kwa nini basi ananiambia haya, mimi niliyekuja kumshtaki. Akaigusa shingo yake mahali pale ambapo kwangu palikuwa panawaka.

"Kwa sababu umetoka mbali, na sipendi kumdanganya mtu usoni. Na pia, mama yangu, nani atakusikiliza?"

Alilisema kwa upole. Laiti angelisema kwa kiburi, pengine leo ningekuwa nimemsamehe.

Maana sheria ilikuwa yao. Baada ya Mwaka wa Vumbi, vumbi la mgodi lilipounguza tezi za shingo za watu wote wa milimani, wakubwa kwa watoto, Taasisi ya Mizani ilituondoa tezi na kutupachika shanga. Tulishukuru. Ushanga ulitoa homoni, mara moja kwa mwaka ukasomwa na mashine, dozi ya mwaka mzima ikapangwa. Kijani ni sawa. Nyekundu ni homoni nyingi, na homoni nyingi huleta hasira, wasiwasi, maneno ya ovyo. Ndipo kikaja Kifungu cha Utulivu: neno la mwenye ushanga mwekundu halipokelewi mahakamani, ofisini wala darasani mpaka asomeke kijani tena. Mimi nilifundisha kemia miaka mingi, nikatolewa darasani katikati ya kipindi, chaki mkononi.

Mbuya alinisindikiza mpaka mlangoni.

"Nakuja kwenu msimu wa mvua," alisema. "Maadhimisho ya miaka kumi. Nilifanya kazi huko tangu ujana, mpaka vumbi likanikuta huko huko. Nitapimwa mbele ya wananchi, wa kwanza kabisa, waone siogopi dawa yangu."

"Karibu sana, Daktari," nilimjibu. "Tutakupokea."

* * *

Jibu la swali la Mbuya, kwamba biotini tunaitoa wapi, nililipata kwa jirani yangu, mzee Tweve, ambaye hakuwa anajibu swali la mtu. Alikuwa analalamika tu.

"Mianzi hii ya serikali haina adabu," alisema, akikinga mbeta yake, kile kipande cha mwanzi tunachofunga kwenye chipukizi lililokatwa ili kidake maji yake, ndiyo ulanzi, pombe yetu. "Zamani ulanzi unagema asubuhi, unakunywa mtogwa mtamu mpaka jioni, kesho yake ndio unakuwa mkali. Huu wa sasa jua likifika utosini umeshachacha. Mtu unalewa kabla ya chakula cha mchana, mkeo anadhani umeanza tabia."

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka.

Mianzi ya zamani ilikufa Mwaka wa Vumbi. Maofisa wa kilimo wakatuletea mbegu mpya, isiyoogopa baridi wala vumbi, nasi tukapanda kila bonde. Ulanzi unaochacha upesi ni ulanzi ambao chachu imekuta humo chakula ikipendacho. Na nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu, mwaka baada ya mwaka, chachu inahitaji nini ili istawi. Inahitaji sukari. Na inahitaji biotini.

Nyuma ya kanisa kulikuwa na shina moja la mwanzi wa kale lililonusurika. Nikagema huku na huku, nikaweka maji yote mawili kwenye chupa, sukari sawa, hamira sawa, juu ya dirisha la jikoni. Ya mwanzi wa kale yalitoa mapovu kidogo kwa heshima. Ya mwanzi mpya yalisukuma kizibo mpaka darini.

Basi nikaelewa yote. Siku ya kupimwa huwa katika msimu wa mvua, na msimu wa mvua ndio msimu wa ulanzi. Watu huambiwa wasile kitu tangu alfajiri, nao hawali, ni watu watiifu. Lakini mtogwa, ulanzi mbichi ambao haujachacha! Mtogwa ni kitu anachopewa mtoto anayeachishwa ziwa. Ni kitu unachokunywa ukiwa umefunga safari, umesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye komeo. Hakuna aliyewahi kuuliza kama tumekunywa mtogwa, na hakuna kati yetu aliyefikiri kuna la kusema. Walokole peke yao ndio hawaugusi, wanaogopa kidogo kitazaa kikubwa. Kila mwaka walisomeka kijani, na mchungaji wao alihubiri kwamba wokovu unasafisha mpaka damu.

Njia ya haki ilikuwepo, sitaificha. Vaileti, binti wa marehemu Yulitha, alikuwa amerudi kutoka chuoni Mbeya, mjamzito, ushanga wake kijani kwa kuwa huko hakuna ulanzi. Neno lake lingepokelewa. Ningemweleza, akaandika, akapeleka.

Akapeleka wapi? Kwa Mbuya. Naye angempokea kwa upole, angemwagizia chai.

Hapana. Nilimtaka mwenyewe. Nilitaka avae sweta mbili kwenye joto la mjini. Nilitaka ajibiwe polepole na dada wa mapokezi. Nilitaka akae mbele ya moto usiompasha joto, kope zimemjaa maji, akijua kila kinachomtokea na jina lake la kitaalamu, na asipate wa kumwambia. Niliyapika mawazo hayo kila siku, nikayaonja chumvi. Ndiyo yaliyokuwa yananipa joto.

Na nilijua jambo moja zaidi, kwa kuwa yeye mwenyewe alijisifia kila mahali. Ushanga ukishapangiwa dozi haufunguki mpaka mwaka uishe, hata akija nani, ili watu wasihongane. Kilichowezekana ni kimoja tu: daktari wa Mizani, kwa dole gumba lake kwenye mashine, kabla ya siku kufungwa, kuufuta upimaji wote wa siku hiyo kwa watu wote kwa pamoja ili wapimwe upya, na kutamka sababu mbele ya umma.

Kwa hiyo ningemnywesha. Angesomeka mwekundu mbele ya kata nzima. Kisha ningemnong'oneza achague: akiri, afute, atuokoe sote na nafsi yake, awe mwongo mbele ya dunia, au anyamaze na jina lake zuri, akalale kama Yulitha. Vyovyote vile, mimi ningeshiba.

* * *

Siku ilipofika, uwanja wa shule ulijaa miavuli. Mtendaji wa Kata alikuwa amefunga tai iliyomnyonga. Kwaya mbili zilikuwa zinashindana kimyakimya nani asimame karibu na kamera. Mashine ya kusomea ilikuwa chini ya hema, kiti chake cheupe kimefunikwa plastiki, na pembeni yake Sista Ludovika, muuguzi wetu, mlokole, mwanamke mwema hasa, amevaa glavu mpya.

Nilijitolea kumpokea mgeni. Hakuna aliyenizuia. Mwenye ushanga mwekundu hawezi kushuhudia ndoa, lakini kumimina anaruhusiwa. Vaileti alinibebea sinia, tumbo limetangulia, kanga ya mama yake begani.

"Mama mdogo, mikono yako ni ya baridi kama ya maiti," alinong'ona.

"Nimetoka kuosha vikombe."

Mbuya aliposhuka garini aliinusa hewa na kufunga macho.

"Ulanzi!" alisema. "Enzi za ujana wangu hapa nilikuwa sikosi. Ni mtogwa?"

"Umegemwa alfajiri hii, Daktari."

"Safi. Mtogwa sio chakula," alimgeukia Sista Ludovika akicheka. "Au nimevunja saumu yangu mwenyewe?" Sista naye akacheka, akasema masharti yanataja chakula na dawa.

Kwetu mwenyeji hutoa sumu kwanza. Hunywa funda mbele ya mgeni, mgeni akaona, ndipo akapokea. Nikainua kikombe nikanywa. Sikujali. Wangenipunguzia nini tena? Nikakifuta ukingo, nikamnyooshea.

Hakukipokea. Alinitambua. Aliitazama shingo yangu, akanitazama machoni, na tabasamu lake likabaki pale pale bila mwenyewe.

"Samahani, Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, karibu ya kirafiki. "Wewe ni mwekundu. Kuonja kwako hakunihakikishii kitu, kisheria ni kama hujaonja. Mpe huyu binti. Huyu ni kijani."

Vaileti akaweka sinia chini na kunyoosha mkono, kama alivyofundishwa kumheshimu mgeni.

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Neno moja lingetosha. "Acha." Hata kujikwaa kungetosha, kikombe kikaanguka, tukacheka, siku ikapita. Mwanangu huyu, maana mtoto wa dada ni wako, hakuwahi kusomeka mwekundu. Ndani yake kulikuwa na mwingine ambaye ubongo wake ulikuwa unajengwa kwa homoni ya mama yake, siku hizo hizo, na homoni ya mama yake ilitoka kwenye ushanga ule. Nililijua hilo. Nimelifundisha.

Nikajiambia: atafuta. Anapenda roho yake mno, atafuta upimaji wote, na Vaileti atapona pamoja na wengine. Nikajiambia haraka sana, kwa mtu asiyeweza haraka. Na chini ya maneno hayo kulikuwa na kitu kingine, kikubwa na kitamu, kilichokuwa kinamtazama Mbuya kooni.

Nikampa Vaileti kikombe.

Alikunywa, akapangusa midomo, akatabasamu. "Mtamu," alisema. Ndipo Mbuya akanywa. Akakimaliza. Akaomba cha pili.

* * *

Hotuba ya Mtendaji ilikuwa ndefu kiasi kwamba hata sumu ya kweli ingefanya kazi na mazishi yakapangwa. Alimshukuru kila mtu, na mianzi mipya pia. Kisha Mbuya akapanda jukwaani, akalegeza kola, akakaa kwenye kiti cheupe mbele ya kamera na akaegemeza shingo kwenye kisomeo.

Mashine ikalia. Ushanga wake ukafifia, kisha ukawaka mwekundu.

Uwanja wote uliguna. Nilisikia raha ikinipanda kutoka miguuni, joto la kweli, la kwanza tangu tumzike Yulitha. Nilitamani dada yangu angekuwepo aone.

"Rudia," Mbuya alisema akitabasamu. Sista Ludovika akarudia. Mwekundu. Na kisha ule mlio mdogo kama wa komeo, kuonyesha kwamba dozi ya mwaka imefungwa.

Alinitafuta kwa macho akanipata chini ya jukwaa. Nilimsogelea kama ninayemletea maji.

"Ni ule mwanzi mpya," nilimwambia. "Maji yake yamejaa ile vitamini ya gundi yako. Uliniuliza tunaitoa wapi, nimekuletea jibu, umelinywa vikombe viwili. Sasa weka dole gumba, uwaambie ulichoniambia ofisini. Ama ukae kimya, ujifunze alichojifunza dada yangu."

Nilitegemea abishane na nafsi yake. Nilikuwa nimejiandaa kumtazama akibishana. Wala. Mwoga ni mwoga. Aliruka kutoka kwenye kiti kama ameketi juu ya makaa, akabandika dole gumba kwenye mashine na kupaza sauti.

"Nafuta upimaji wa leo! Kipimo kina kasoro! Biotini inaharibu usomaji, tumejua tangu mwaka wa pili, hawa watu hawana homoni nyingi, wamepungukiwa! Futa wote!"

Mashine ilijibu kwa sauti yake ya kike, tulivu, ile ile aliyoichagua yeye.

"Kauli haikubaliki. Mhusika yuko nje ya utulivu. Mhusika apumzike."

Akabandika tena. Kauli haikubaliki. Akapiga mashine kofi.

Nilisimama pale na chupa ya maji mkononi, nikasikia lile joto likinitoka lote. Nilikuwa nimefikiria kila kitu. Sikufikiria kwamba nikimfanya mwekundu, neno lake nalo litakuwa jekundu. Dole gumba pekee lililoweza kutufungua nilikuwa nimelifunga mimi mwenyewe, kwa kikombe, mbele ya mashahidi.

"Nisikilizeni!" Mbuya aliwageukia watu. "Jamani, nawaambia ukweli! Msikae kwenye hicho kiti!"

Wakamtazama kwa huruma. Mtu wa kamera akaishusha kamera. Mama mmoja wa kwaya akasema, "Maskini, na alivyo msomi." Sista Ludovika akamletea kiti cha plastiki, akamshika bega.

"Pole, Daktari. Tulia. Ni homoni tu, inakupa mawazo. Hata Mwalimu Enelesi huwa hivyo hivyo, tumemzoea."

Miaka kumi walikuwa wamefundishwa kutomsikia mtu wa namna hiyo, na walifundishika. Katika uwanja mzima ule, mtu aliyemwamini Dakta Mbuya nilikuwa mimi peke yangu.

"Tuendelee," Mtendaji alisema kwenye kipaza sauti. "Wajawazito kwanza."

Vaileti akapanda ngazi.

Nilikimbia. Miguu yangu, iliyokuwa inanifikisha kisimani kwa kuomba, ilikimbia. Nikamkamata mkono akiwa amekwisha kukaa.

"Shuka. Shuka, mwanangu, usipimwe leo. Ule mtogwa ndio unaowafanya wawe wekundu. Nilijua. Nilijua ulipokunywa."

"Mama mdogo..."

"Ukifungwa mwaka mzima, mtoto ataharibika. Yote anayosema Mbuya ni kweli!"

"Nisipopimwa leo kliniki hawanipokei." Alisema kwa upole, akiutoa mkono wangu kidole kwa kidole. Macho yake yalikuwa yamejaa aibu, kwa ajili yangu, na mapenzi pia. "Watu wanatutazama. Hata mama alikuwa hivi mwishoni, anasema dawa inamuua, nami nilimwambia kama ninavyokuambia wewe. Tulia. Sawa? Tulia tu."

Mgambo wawili wakanishika kwapani na kunishusha, bila kuniumiza. Sikugeuka kutazama. Nilisikia mashine ikilia, nikasikia uwanja ukisema "Aaah" kwa masikitiko. Kisha ule mlio wa komeo.

Mbuya alikuwa bado kwenye kiti cha plastiki, nyuma ya hema, ambako walimwacha apumzike. Tai imelegea, anaangalia viganja vyake. Mstari wa watu ulikuwa unasogea mbele yetu, shingo moja baada ya nyingine.

"Shanga hazifunguki," alisema kabla sijamuuliza. "Nilizitengeneza zisifunguke."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Kila kitu."

"Homoni ya dukani je? Nikimpa kwa mdomo?"

"Ushanga utaimeza. Utaona imezidi, utaiharibu." Akaanza kulia, mzee mzima, na kulia kwake hakukunipa chochote. "Umeniua, Mwalimu."

"Bado."

Nilimshika mkono nikamwinua. Usiku na mchana nilikuwa nimemwombea usingizi huyu mtu, ule usingizi mzito unaoanzia miguuni. Angeupata. Baada ya muda angeanza kusahau maneno, kisha hesabu, kisha angeketi mahali asiinuke. Mimi nilikuwa mbele yake kwenye njia hiyo hiyo, na Vaileti nyuma yetu.

"Twende kwangu," nilisema. "Kuna meza, kuna moto, kuna vyombo vyote vya kemia ambavyo shule haikuvitaka tena. Utaniambia ushanga huo umejengwaje, kutoka ndoano ya kwanza, mpaka tupate pa kumfungulia Vaileti. Ukisinzia nitakumwagia maji. Ukisahau nitakupiga."

"Nimechoka," alisema.

"Najua. Tembea."